Betri ya Gari: Kuwasha Iliyoishiwa, Kutunza Iliyo Nzima
Kijitabu cha elimu kwa madereva na wenye magari

Betri nyingi hufa kabla ya siku zake. Taa iliyosahaulika, terminali iliyoota ukoga, maji yaliyokauka, gari lililolazwa wiki nzima bila kuwashwa: hayo ndiyo huziua, na yote yanazuilika. Soma kijitabu hiki kabla hujakwama, kisha kiweke ndani ya gari.

Betri inavyofanya kazi

Betri ya kawaida ya gari dogo ina vyumba sita. Kila chumba kina sahani za risasi zilizozama katika maji yenye asidi ya salfa, na hutoa volti 2 na kitu. Betri iliyojaa, gari likiwa limepumzika, husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2, imebaki na nusu ya chaji. Ikishuka chini ya 12, imeishiwa.

Selfu, mota inayoamsha injini, hunyonya ampea mia moja na zaidi kwa sekunde chache, kisha altaneta, inayozalisha umeme injini ikizunguka, hurudisha kilichotumika. Safari za dakika tano tano hazimalizi kazi hiyo. Na betri ikikaa bila chaji, sahani zake huota ukoko mgumu ambao baadaye hautoki hata kwa chaja. Ndiyo maana betri iliyoisha inatakiwa kuchajiwa mapema, isingoje mwisho wa mwezi.

Hakikisha kwanza kama tatizo ni betri

Washa taa kubwa, kisha piga selfu. Taa zikififia na ukasikia tak-tak-tak, betri imeishiwa au terminali imelegea. Zima gari, shika terminali uitikise: ikicheza, ikaze kwa spana, mara nyingi namba 10, ujaribu tena. Taa zikibaki kali na selfu ikawa kimya, muone fundi umeme akague selfu na nyaya zake.

Kubusti (kuwasha kwa betri ya gari jingine) hatua kwa hatua

Tafuta gari lenye betri ya volti 12 kama yako. Magari yasigusane. Zima yote mawili, vuta breki za mkono.

1. Bana waya mwekundu kwenye chanya (+) ya betri iliyoisha.
2. Bana ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima.
3. Bana waya mweusi kwenye hasi (–) ya betri nzima.
4. Ncha ya mwisho ya mweusi ibane kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokwama, mbali na betri.
5. Washa gari lenye betri nzima, subiri dakika chache, kisha washa lililokwama.
6. Likiwaka, toa nyaya ukianza na ya mwisho kurudi ya kwanza.

Hatua ya nne ndiyo wengi huiruka. Betri inayochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, na cheche moja juu yake inaweza kuipasua na kukurushia asidi usoni.

Likishawaka, usilizime papo hapo. Liendeshe nusu saa au zaidi, kisha peleka betri ikajazwe kwa chaja. Kesho likigoma tena, pima altaneta: injini ikiunguruma, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.5.

Usifanye haya

- Usimulike betri kwa kibiriti wala kuvuta sigara karibu nayo.
- Usibusti betri iliyovimba, iliyopasuka au inayovuja.
- Usibusti gari dogo kwa umeme wa lori la volti 24.
- Usisukume gari la gia otomatiki ukitarajia liwake.
- Gari la haibridi lisitumike kuwasha jingine, na nyaya zake za rangi ya machungwa zisiguswe.

Asidi ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha wahi hospitali.

Matunzo ya kila mwezi

Joto hukausha maji na kuharakisha kuliwa kwa sahani, kwa hiyo dereva wa Mombasa au Dar es Salaam akague betri mara nyingi zaidi kuliko wa nyanda za baridi. Kama betri yako ina vifuniko, vifungue injini ikiwa imepoa. Maji yafunike sahani. Yakipungua, ongeza maji yaliyochujwa kwa mvuke. Usitie asidi, wala maji ya bomba au ya kisima, kwa sababu chumvi zake huharibu sahani.

Ukoga mweupe au wa kijani usugue kwa brashi na maji yenye magadi kidogo, ukaushe, upake grisi. Ukifungua betri, anza na hasi. Ukifunga, malizia na hasi. Kibano kiishike imara, maana mitikisiko ya barabara mbovu huvunja sahani.

Ukizima injini, zima taa na redio. Taa kubwa mbili hula ampea kama tisa. Betri ndogo ya ampea-saa 45 inaweza kushindwa kuzungusha selfu baada ya saa tatu au nne tu.

Betri iliyokufa bado ni sumu

Usiipasue, usimwage asidi yake mtaroni, usiiache watoto wanapochezea. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na sumu ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu jirani nao, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Unaponunua mpya, mrudishie muuzaji ya zamani: wengi huzipokea na kukupunguzia bei. Ukimuuzia mnunuzi wa chuma chakavu, hakikisha ana kibali na anaichukua nzima, ikiwa na asidi yake ndani. Anayeimwaga asidi mbele yako ili apunguze uzito, usimuuzie.