Kibodi na Kipanya, vya Waya au Visivyo na Waya: Mwongozo kwa Ofisi za Kiriri

Kwa meza ya kazi isiyohama, chukua kibodi ya waya. Kipanya kinaweza kuwa cha waya au kisicho na waya, kulingana na mtu na kazi yake. Kwenye meza ya malipo, ya mishahara, ya mafaili ya wagonjwa au ya watumishi, vyote viwili viwe vya waya. Huo ndio ushauri wa mwongozo huu, na yaliyobaki ni sababu zake na namna ya kuutekeleza.

Unaandikiwa makatibu, wahasibu, wafasiri, wahadhiri na wanafunzi wanaofanya kazi Kiriri, pamoja na wale waliopewa jukumu la kununulia wenzao vifaa. Kiriri iko juu, mashariki mwa Bujumbura, Ziwa Tanganyika likionekana chini na milima ya Kongo ng'ambo yake. Ni mtaa wa makazi ambamo baadhi ya nyumba zimegeuka ofisi. Ofisi iliyomo ndani ya nyumba ya kuishi ina tabia zake: sebule moja hukaliwa na watu watano au sita, chumba cha mhasibu kilikuwa chumba cha kulala, na dirisha lake linatazama ua wa jirani. Mambo hayo yana uzito katika uchaguzi huu kuliko wengi wanavyodhani.

Herufi kabla ya waya

Jambo la kwanza la kutazama dukani ni mpangilio wa herufi. Ofisi za Burundi zimezoea kibodi ya AZERTY, kwa kuwa Kifaransa kimekuwa lugha ya maandishi ya serikali na ya shule kwa muda mrefu. Kiingereza kilifanywa lugha rasmi mwaka 2014, na bidhaa zinazoingia kupitia Dubai, Nairobi, Kampala au Dar es Salaam mara nyingi huwa za QWERTY. Hata AZERTY yenyewe si moja. Ya Ufaransa na ya Ubelgiji zinatofautiana katika alama kadhaa: alama ya @ katika ile ya Ufaransa hupatikana kwa AltGr na kitufe cha 0, na katika ile ya Ubelgiji kwa AltGr na kitufe cha 2. Mtu anayeandika barua pepe siku nzima atahisi tofauti hiyo kuanzia asubuhi ya kwanza.

Usikubali kuuziwa seti ya QWERTY eti kwa sababu haina waya na inapendeza. Ikichomekwa kwenye kompyuta iliyowekwa Kifaransa, kitufe kilichoandikwa A kitatoa Q, Z itatoa W, na safu ya juu ya tarakimu itatoa alama na herufi zenye viboko badala ya namba. Aumiaye zaidi ni mtu anayeingiza nywila, kwa sababu haoni herufi anazoandika. Baada ya majaribio machache akaunti yake hufungwa naye haelewi kosa liko wapi. Kwa hiyo kila kibodi inapobadilishwa, kabla ya kumwita fundi, tazameni kwanza alama ya lugha kwenye ukurasa wa kuingilia.

Mhasibu ahakikishe kibodi ina safu ya tarakimu upande wa kulia. Hesabu za faranga za Burundi zina sifuri nyingi, na kuziandika kwa safu ya juu ya AZERTY, ambako kila namba inadai kitufe cha Shift, ni kumchosha mtu na kumkaribishia makosa. Kibodi nyingi ndogo zisizo na waya zimeondolewa safu hiyo ya kulia ili zibebeke kwa urahisi.

Kinachosafiri hewani

Kibodi ya waya hupeleka kila herufi ndani ya waya wake hadi kwenye kompyuta. Kibodi isiyo na waya huirusha hewani kwa redio, na redio haijui uzio wala ukuta wa matofali. Kinacholinda maandishi hayo ni usimbaji, yaani kugeuza ujumbe kuwa fumbo linaloweza kufumbuliwa na kipokezi chake peke yake. Usimbaji huo upo kwenye baadhi ya kibodi, na kwenye nyingine haupo.

Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walitangaza mambo mawili ambayo kila mnunuzi wa ofisi anapaswa kuyajua. La kwanza waliliita MouseJack. Vipokezi vya USB vya vipanya na kibodi za makampuni kadhaa makubwa viliweza kudanganywa na mtu aliye umbali wa mita mia hivi, akaiandikia kompyuta amri kana kwamba yeye ndiye ameketi mezani. Zingatia kwamba mlango wa kuingilia ulikuwa hata kipokezi cha kipanya, ingawa kipanya hakiandiki neno lolote. La pili waliliita KeySniffer. Kibodi za bei nafuu za watengenezaji wanane zilikuwa zikirusha herufi bila usimbaji wowote, na mtu mwenye kifaa cha bei ndogo aliweza kuzisoma akiwa umbali wa mita 75 hivi. Kasoro hiyo ya pili haikuwa na dawa: aliyekuwa na kibodi kama hiyo alipaswa kuacha kuitumia.

Mita 75 katika Kiriri zinavuka uzio, zinapita ua wa jirani na kufika barabarani. Sisemi kwamba kuna mtu anayezisikiliza ofisi za mtaa huu. Nasema kwamba nywila ya benki, jina la mgonjwa na mshahara wa mtumishi ni amana, na mwenye amana hapimi hatari kwa kuuliza kama mwizi ameshaonekana. Waya unaifunga njia hii kwa bei ndogo, na ndiyo maana mwongozo huu unaushikilia.

Vifaa vilivyotoka baadaye vina ulinzi bora. Vile vya Bluetooth havikuguswa na MouseJack, na Logitech ilileta mwaka 2021 mfumo wake wa Logi Bolt uliojengwa juu ya Bluetooth na wenye usimbaji. Lakini dukani tunakutana pia na seti zisizo na jina linalojulikana, ambazo masanduku yake hayasemi lolote kuhusu usimbaji. Sanduku likinyamaza, chukulia kwamba usimbaji haupo.

Umeme, betri na ziwa

Umeme wa Regideso ukikatika, wengi hudhani kwamba kibodi ya waya itaimaliza haraka betri ya laptopu. Hofu hiyo haina msingi. Kanuni za USB huruhusu kifaa cha umeme mdogo kuchukua kiasi kisichozidi miliampea 100 kwa volti 5, yaani nusu wati, na kwa kawaida kibodi huchukua pungufu ya hapo. Kupunguza mwanga wa skrini kutakuokolea umeme zaidi kuliko kuchomoa kibodi.

Betri za kipanya, kwa upande mwingine, ni gharama inayorudi. Betri za alkali zikiachwa ndani zikiwa zimekwisha huvuja utomvu mweupe unaokula vibati vya chuma, na kifaa kizima hufa. Anayekwenda likizo azitoe. Za kuchajiwa za volti 1.2 hufanya kazi vizuri kwenye vipanya vingi na hurudisha gharama yake kwa muda. Zilizokwisha kabisa zikusanywe kwenye chombo kimoja, zisitupwe mferejini. Maji ya mvua ya Kiriri huteremka kuelekea ziwani, na maji mengi ya kunywa ya Bujumbura huvutwa kutoka ziwa hilo hilo.

Pale ambapo kutokuwa na waya kunafaa

Waya wa kipanya hukwama ukingoni mwa meza, husukuma karatasi na kuuvuta mkono nyuma. Kwa mchoraji wa ramani au mtu anayepanga kurasa za jarida, usumbufu huo ni wa kila dakika. Kwa mhadhiri anayeonyesha picha ukutani akitembea, au afisa anayebeba laptopu kutoka mkutano hadi mkutano, kipanya kisicho na waya ni msaada wa kweli, naye asinyimwe.

Kuna jambo moja ningependa lichukuliwe kwa uzito kuliko yote yaliyo katika sehemu hii. Wengi hufanya kazi kwenye laptopu siku nzima, shingo imeinama na viganja vimebanana. Mpeni kila mtu wa namna hiyo kibodi na kipanya vya pembeni, vya aina yoyote, kisha inueni laptopu juu ya vitabu au kijukwaa hadi ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho yake. Nafuu ya shingo na mabega inayopatikana hapo inazidi faida zote za waya na za kukosa waya.

Kipanya kisicho na waya kikianza kurukaruka, msikimbilie kubadilisha betri. Vipokezi vingi hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo hutumiwa pia na Wi-Fi na Bluetooth, na sebule yenye watu sita imejaa mawimbi hayo. Tena, Intel ilionyesha katika waraka wake wa mwaka 2012 kwamba vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele katika masafa hayo hayo. Kipokezi kilichochomekwa kando ya diski ya nje, au nyuma ya kompyuta iliyo chini ya meza ya chuma, husikia vibaya. Kihamishieni tundu la mbali, au tumieni waya mfupi wa kurefusha USB ili kipokezi kikae juu ya meza. Na juu ya meza ya kioo vipanya vingi vya mwanga havioni kitu, viwe na waya au la. Kipande cha karatasi ngumu kinatosha.

Dukani na baada ya kununua

Mwombe muuzaji afungue sanduku. Kwa kifaa cha waya, kichomeke, kisha uupinde waya taratibu pale unapoingia kwenye kipanya na pale unapokutana na plagi. Hizo ndizo sehemu mbili zinazokatika kwanza, na kifaa kikizimika hata mara moja kiache. Pima pia urefu wake, kwani kompyuta iliyo sakafuni hudai waya unaokaribia mita mbili. Kwa kisicho na waya, hakikisha kipokezi kimo, mara nyingi kimefichwa kwenye nafasi ya betri, na kwamba kuna swichi ya kuzima.

Kipokezi kidogo kikipotea, kipanya kilichofungamana nacho kwa kawaida hakina kazi tena. Andikeni namba ileile kwa wino usiofutika juu ya kipanya na juu ya kipokezi chake, na katika daftari la vifaa viingizwe kama kitu kimoja. Mtumishi anayehama akabidhi vyote viwili.

Hata ofisi iliyoamua kutumia Bluetooth kila mahali iweke kabatini kibodi moja ya waya ya USB, ya mpangilio uleule wa herufi. Kompyuta inapokwama kabla Windows haijapanda, kibodi ya Bluetooth mara nyingi haisikiki kabisa, na hiyo ya kabatini ndiyo fundi atakayoiomba kwanza.