Kuzuia Mizizi ya Vanila Isioze

Wakulima wengi wa Bukoba na Muleba waliopanda vanila ndani ya vibanja vyao wamekwisha kuliona jambo hili. Mmea uliokuwa mnene na wa kijani huanza kulegea. Majani hugeuka manjano, na shina hufanya mikunjo kama ngozi ya mzee. Mkulima hudhani ya kuwa mmea una kiu, naye huleta ndoo ya maji na kuurundikia udongo. Baada ya majuma machache mmea umekufa, na kazi ya miaka 3 hivi, yaani muda wa kungojea maua, imepotea.

Mmea ule haukuwa na kiu. Mizizi yake ilikuwa imeoza, wala isingeweza kunywa hata ungeimwagia ziwa zima.

Yafaa kwanza ujue tabia ya vanila. Asili yake ni misitu ya Meksiko na nchi jirani, ambako hupanda juu ya miti na kushika gome kwa mizizi ya hewani. Mizizi ishukayo chini haiendi mbali. Hutambaa katika majani yaliyooza juu ya udongo, mahali penye unyevu na hewa pamoja. Ukiifukia, au maji yakituama, hukosa hewa, na ukungu ukaao udongoni, ambao wataalamu huuita Fusarium, huingia. Hakuna dawa ya kuuponya mzizi uliokwisha kuoza. Basi kazi ni kuzuia.

Kata rando lenye urefu wa meta 1 hivi kutoka mmea usio na ugonjwa. Usilipande siku ile ile. Liweke kivulini kwa juma moja mpaka kidonda kikauke. Ondoa majani ya vifundo 3 au 4 vya chini, ukalilaze juu ya udongo uliolainishwa, karibu na mbono au mti mwingine wa kuegemea. Funika vifundo hivyo kwa matandazo, lakini ncha iliyokatwa iache nje, isiguse udongo. Hapo ndipo wengi hukosea, nami nilikuwa mmoja wao. Marando yangu ya kwanza niliyachomeka ardhini kama muhogo. Yaliyosalimika yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Mahali penye kutuama maji wakati wa masika hapafai kabisa. Kama huna pengine, inua tuta na chimba mfereji. Kabla ya mvua kubwa, punguza matawi ya miti ya kivuli ili upepo upite. Matandazo ya majani makavu ya migomba ni mazuri. Samadi iwe imeoza vizuri, kwa maana samadi mbichi huunguza mizizi. Tena, jembe lisikaribie shina. Palilia kwa mkono, kwa sababu kila mzizi uliokatwa ni mlango wa ugonjwa.

Tamaa nayo huozesha. Mkulima akichavusha kila ua alionalo, mmea hubeba maganda kupita nguvu zake, na uliochoka huoza upesi. Maua 8 hadi 10 katika kila kishada yatosha, na mmea mchanga upunguziwe zaidi.

Ukiona mmea umelegea, usilete maji kwanza. Funua matandazo ushike mzizi. Mzizi mzima ni mweupe na mgumu. Uliooza ni wa kahawia, na ngozi yake huchubuka vidoleni. Ukiwa umeoza, kata shina juu ya sehemu mbovu, utazame ndani. Ukiona doa la kahawia, panda juu ukate tena, mpaka ufike penye kijani kitupu. Kipande hicho kikaushe kivulini, ukakipande mbali. Mabaki yang'oe pamoja na mizizi, uyachome moto, na shimo lile usirudishie vanila. Kisu nacho kisafishe na ukipitishe motoni kabla ya kugusa mmea wa pili.