SOMO LA MALEZI: SAA HII MTOTO YUKO NA NANI?



Katika vitongoji vyetu vya mlimani siku huanza kabla ya ukungu kuondoka. Kuna maji ya kuteka, kuni za kuchanja, mifugo ya kukatiwa majani, maharage ya kupalilia mteremkoni na, kwa wengine, kibarua cha kuchuma chai. Wazazi wengi wenye watoto wadogo husema kwamba malezi yanayofundishwa kliniki ni mazuri, lakini muda wa kuyatekeleza haupo.

Somo hili linakusudia kuonyesha kwamba malezi ya mtoto mdogo hayahitaji saa ya pekee iliyotengwa kando ya kazi. Hufanyika ndani ya kazi zile zile, mradi kila nyumba iwe na jibu la swali moja, tangu alfajiri hadi usiku: saa hii mtoto yuko na nani?

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza:

(i) kueleza kwa nini miaka ya mwanzo ya mtoto haiwezi kusubiri;
(ii) kuzitambua saa za siku ambazo mtoto huwa katika hatari zaidi nyumbani;
(iii) kugawana saa za malezi na watu wengine wa nyumba na majirani;
(iv) kuitambua dalili inayomtaka aende kituo cha afya bila kuchelewa.

1. Kwa nini miaka ya mwanzo?

Wataalamu wa lishe huzungumzia siku 1,000 za kwanza. Hesabu yake ni nyepesi: siku 270 za ujauzito, siku 365 za mwaka wa kwanza na siku 365 za mwaka wa pili. Katika siku hizo ubongo hukua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote wa maisha, na mtoto akidumaa ni vigumu sana kuufidia upungufu huo baadaye. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko kinavyopaswa kuwa kwa umri wao. Katika utafiti wa mwaka 2015/16 walikuwa 34. Tumepiga hatua, lakini bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu.

Kwa sababu hiyo, mwezi Desemba 2021 Serikali ilizindua jijini Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Programu hiyo inasimama juu ya mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, ujifunzaji wa awali, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama. Aghalabu sisi huyakumbuka mawili ya kwanza. Mengine matatu hayanunuliwi dukani. Yanamhitaji mtu aliye karibu na mtoto, anayemwona na kumwitikia.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mzazi wajibu wa kumpatia mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, na elimu. Katika orodha hiyo hiyo imetajwa haki ya kucheza na kupumzika. Hivyo basi, mchezo wa mtoto si upotezaji wa muda.

2. Nyumba ya mfano

Tuichukue nyumba moja ya mfano. Ina mama mkulima wa maharage na karoti, baba anayefanya kibarua, bibi ambaye magoti yamechoka, binti wa miaka minane aliye darasa la pili, mtoto wa kiume wa miaka mitatu, na mtoto mchanga wa miezi minane. Tuifuate nyumba hiyo kwa siku moja.

*Alfajiri.* Mama anawasha moto huku mtoto mchanga akiwa mgongoni katika mbeleko. Hapa somo la kwanza linaweza kuanza bila gharama. Mama anasema anachokifanya: "Sasa tunachota maji. Maji ni baridi. Umesikia jogoo?" Mtoto anaguna, mama anamjibu. Kuguna na kujibiwa huko ndiko wataalamu wanakokuita malezi yenye mwitikio, na ndiko kunakoujenga uwezo wa kusema. Nyumba inayozungumza Kisambaa izungumze Kisambaa bila hofu. Mtoto aliyeshiba maneno ya lugha ya nyumbani hubeba msingi mzuri wa kujifunza Kiswahili shuleni.

Saa hiyo pia ni saa ya moto. Mtoto wa miaka mitatu ameamka na baridi, naye hukimbilia mafigani. Sufuria ya uji na chupa ya chai vikae mahali asipofikia, na mpini wa sufuria ugeuziwe ukutani. Akiungua, mwagilia maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya. Dawa ya meno, mafuta, yai na unga visipakwe, kwa kuwa huhifadhi joto na huingiza uchafu katika kidonda.

*Asubuhi hadi mchana.* Baba ameondoka, binti yuko shuleni, mama anataka kwenda shambani. Hii ndiyo saa ngumu kuliko zote. Bibi anaweza kumpakata mchanga na kumsimulia ngano, lakini hawezi kumfukuza mtoto wa miaka mitatu anayeshuka bonde kuelekea mtoni. Kusema "wapo na bibi" ni kujibu nusu ya swali.

Katika saa hizo hatari hukaa katika vitu vya kawaida. Viuatilifu vya mbogamboga vilivyobaki na mafuta ya taa vilivyowekwa katika chupa ya soda vimefanana na soda machoni pa mtoto. Vibaki katika vyombo vyake vya asili na vifungiwe juu. Ikitokea mtoto amekunywa, asilazimishwe kutapika wala asinyweshwe maziwa. Apelekwe kituoni mara moja pamoja na chupa yenyewe, ili mganga aijue sumu. Ndoo ya maji ifunikwe, kwani mtoto anayejifunza kusimama anaweza kuzama katika maji machache. Maharage mabichi na sarafu visiwe vitu vya kuchezea vya mtoto wa chini ya miaka mitatu. Bunzi la mahindi, kifuniko kikubwa na mpira wa makaratasi vinatosha, wala havidai fedha.

Chakula cha mchana nacho kina somo lake. Mtoto hunyonya maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi sita. Baada ya hapo huanza kulishwa huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi: milo miwili hadi mitatu kwa siku katika miezi sita hadi minane, kisha mitatu hadi minne kuanzia mwezi wa tisa. Wengi hudhani uji huwa bora kwa kuchanganya nafaka nyingi. Mahindi, mtama, ulezi na mchele vyote ni kundi moja. Kinachouongezea uji ubora ni maziwa, yai, maharage yaliyopondwa au karanga safi zilizosagwa vizuri. Nafaka na karanga zenye ukungu zitupwe kwa sababu ya sumukuvu. Milima yetu ina mboga, parachichi, ndizi na maharage. Ni jambo la kusikitisha kuona tenga la karoti likipelekwa gulioni na sahani ya mtoto ikabaki na ugali na mchuzi mtupu.

*Siku ya gulio.* Siku hiyo katika nyumba nyingi jibu la mazoea ni moja: "Dada yupo." Binti wa darasa la pili anabaki nyumbani, anawalea wadogo zake, naye anakosa masomo. Shirika la UNICEF, katika vipimo vyake, humhesabu mtoto wa chini ya miaka mitano kuwa amekosa uangalizi wa kutosha iwapo katika wiki moja aliachwa peke yake, au aliachwa na mtoto wa chini ya miaka 10, kwa zaidi ya saa moja. Kipimo hicho hakimlaumu mama anayetafuta riziki. Kinatukumbusha kwamba binti wa miaka minane ni mtoto pia. Kumsaidia mama kumbembeleza mdogo wake ni sehemu ya kukua. Kuachiwa nyumba, moto na watoto wawili ni mzigo uliomzidi, na unawaweka watoto watatu hatarini kwa pamoja.

*Jioni.* Mama amerudi amechoka, na kazi za jikoni zinamsubiri. Baba naye amerudi. Huu ndio wakati wa baba. Mtoto akipakatwa na baba yake, akatajiwa vidole, pua na majina ya vitu vilivyomo ndani, mama hupika bila mtoto kushika joho la moto, na mtoto hupata sauti ya pili inayomjua. Baba asingoje mtoto afikie umri wa kutumwa ndipo amzoee. Kelele na kipigo kwa mtoto wa miaka mitatu aliyemwaga maji humfundisha kuogopa, lakini kumpa kitambaa apanguse pamoja nawe humfundisha kupangusa.

*Usiku.* Miezi ya Juni hadi Agosti baridi huwa kali, na kuna nyumba zinazoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Tendo hilo huua. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na waliolala hawapati nafasi ya kuamka. Jiko libaki nje. Mtoto apatiwe nguo nzito, kofia na soksi, alale ndani ya chandarua.

3. Namna ya kugawana saa

Waswahili husema mkono mmoja haulei mwana. Ili msemo huo uwe kazi, nyumba ifanye mambo matatu.

Kwanza, watu wazima wakae pamoja jioni moja na kuzitaja saa za siku, kisha kila saa ipewe jina la mtu mmoja. Saa isiyo na jina ndiyo yenye hatari, kwa kuwa kila mmoja hudhani mwenzake yupo.

Pili, majirani wawili au watatu wenye watoto wadogo wapange zamu. Katika kata yetu vikundi vya vikoba vimezoea kuweka na kukopeshana kwa zamu na kwa uaminifu. Kikundi kinachoaminiana kwa fedha kinaweza kuaminiana kwa saa za watoto: leo mama huyu anabaki na watoto wanne, wenzake wanapalilia na shamba lake, siku ya gulio anabaki mwingine.

Tatu, anayebaki na watoto aambiwe mambo muhimu: mtoto amekula nini, anaumwa nini, kadi ya kliniki iko wapi, na simu ya nani ipigwe.

4. Dalili zisizongoja

Yeyote anayebaki na mtoto azikariri dalili hizi: mtoto kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulegea sana au kupoteza fahamu, kupumua kwa haraka au kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi. Ukiona hata moja, nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo. Kwa mtoto anayeharisha, endelea kumnyonyesha na kumlisha, mpe maji ya chumvichumvi ya kuzuia upungufu wa maji, na mfikishe kwa mtoa huduma apatiwe vidonge vya zinki.

5. Huduma zilizopo na haki ya kuuliza

Hudhuria kliniki kila mwezi, hata mtoto akiwa mzima. Mstari wa uzito katika kadi husema mapema kuliko macho. Matone ya vitamini A hutolewa mara mbili kwa mwaka, mwezi Juni na Desemba. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji si ya akina mama peke yao; akina baba nao wanakaribishwa. Mtoto anayetendewa ukatili anaweza kusaidiwa kupitia namba 116, ambayo hupigwa bila malipo, au kupitia Afisa Ustawi wa Jamii.

Hali kadhalika, wananchi wafahamu kwamba Halmashauri nchini zinapaswa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya shughuli za lishe. Mkutano Mkuu wa Kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ni haki yako kusimama na kuuliza fedha hizo zimefanya nini katika kijiji chako, na ni wajibu wa mtendaji kukujibu.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika vikundi

1. Katika nyumba yako, ni saa ipi ya siku isiyo na jina la mtu?
2. Siku ya gulio iliyopita, watoto wenu walibaki na nani? Je, kuna aliyekosa shule?
3. Viuatilifu na mafuta ya taa vimewekwa wapi sasa hivi? Nenda ukavitazame kabla ya kujibu.
4. Ni chakula gani unachokiuza ambacho mtoto wako hakukila wiki hii?
5. Ni majirani gani wawili mnaoweza kuanza nao zamu wiki ijayo?

Majibu ya maswali haya yajadiliwe katika kitongoji, na pale palipo na kikwazo kisichowezekana kutatuliwa na kaya, yafikishwe kwa Afisa Maendeleo ya Jamii au katika Ofisi ya Mtendaji wa Kata.

*Imeandaliwa na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini cha Halmashauri.*