Maneno Yafananayo

Hapa Bulyanhulu hatuchanganyi dhahabu na adhabu, ingawa maneno hayo yanakaribiana. Lakini Kiingereza cha kale chaweza kutunasa. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Warumi 1:13, safari ya Paulo ya kwenda Rumi inaelezwa kwa neno "let". Leo neno hilo ni kuruhusu. Lile la kale lilikuwa kuzuia. Ni maneno mawili mbalimbali yaliyokuja kuandikwa sawa. Mwenye kufasiri kwa haraka atasema Paulo aliruhusiwa. Je, mbona basi hakufika? Kabla ya kufasiri ibadani, tulinganishe na Biblia yetu ya Kiswahili: humo ni wazi kwamba alizuiliwa.