Maziwa Lala na Togwa: Moto Kwanza, Ndipo Chachu

Nyumba nyingi katika Kenya hunywa maziwa yaliyoganda, lakini si katika kila nyumba mtu aweza kueleza kwa nini maziwa ya leo yameganda vema na ya juzi yalinuka yakamwagwa. Wazee walijifunza kazi hii kwa kutazama. Waliokulia mijini mara nyingi hawakupata wa kumtazama, basi hununua maziwa lala dukani, huku wakitamani kuyatengeneza wenyewe kwa kuwa wamesikia kwamba yana vijidudu vyenye faida mwilini. Habari hiyo si ya uongo, na kazi yenyewe si ngumu. Lakini ina utaratibu wake, na mwenye kuupuuza aweza kuwanywesha watoto wake maradhi.

Mwaka 1857 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alieleza kwamba maziwa hayachachi yenyewe, bali huchachushwa na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Viumbe hivyo hula sukari iliyomo katika maziwa na kuigeuza kuwa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayoleta ukali ulimini, ndiyo inayoyagandisha maziwa, na ndiyo inayozuia vijidudu vingi vibaya visizaane. Baadaye Elie Metchnikoff, aliyefanya kazi Paris na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, alieneza fikira kwamba maziwa machachu huongeza miaka ya kuishi. Alisema mengi kuliko aliyoweza kuyathibitisha. Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na Shirika la Chakula na Kilimo pamoja na Shirika la Afya Duniani walitoa maelezo yenye kiasi zaidi: vijidudu vya faida, viitwavyo probiotiki, ni viumbe hai ambavyo vikitumiwa kwa kadiri ya kutosha humletea mtu faida ya afya.

Neno la kushika hapo ni "hai". Uji ambao unga wake umelowekwa siku moja au mbili hata ukachachuka, kisha ukapikwa, ni chakula kizuri chenye ladha, lakini moto umekwisha kuviua vijidudu vyake. Maziwa mabichi yaliyoachwa yakalala yenyewe yana vijidudu hai, lakini vyema na vibaya vimo pamoja. Ng'ombe aweza kuonekana mzima ilhali maziwa yake yana vijidudu vya brusela au vya kifua kikuu, na uchachu peke yake si dawa ya kutegemewa ya kuviua. Mtu aliyeambukizwa brusela hupata homa inayokwenda na kurudi, na viungo humwuma. Mara nyingi hutibiwa malaria kwa muda mrefu kabla ugonjwa wake haujajulikana. Basi yapasa moto uje kwanza, uviue vyote, kisha vijidudu vyema vitiwe peke yao.

Anayeanza na aanze kwa lita moja tu, ili akikosea asipate hasara kubwa. Maziwa yachemshwe hata yafure, yakorogwe juu ya moto kwa dakika chache, kisha yafunikwe na kuachwa yapoe. Yakisha kuwa vuguvugu, kiasi ambacho kidole kilichooshwa hakisikii joto wala baridi, yatiwe mbegu. Mbegu ni maziwa lala mazuri, vijiko vitatu vikubwa kwa lita moja, yaliyopatikana kwa jirani anayeaminika kwa usafi wake, au ya dukani yasiyotiwa sukari wala rangi wala kupashwa moto baada ya kuganda. Anayeitia mbegu maziwa yangali ya moto ameiua kwa mkono wake. Kosa hili huwapata karibu wote wanaoanza, kwa sababu ya haraka.

Baada ya kukorogwa, chombo kifunikwe na kiwekwe mahali pasipotikiswa. Kisumu na Mombasa, penye joto, maziwa yaliyotiwa mbegu jioni huwa tayari kesho yake asubuhi au adhuhuri. Kinangop au Limuru yaweza kuchukua siku nzima na zaidi, na hapo yafaa chombo kifungwe katika blanketi. Maziwa mema huganda laini, hunuka uchachu safi, na mtu akiyaonja mate humjaa. Yakitoa mapovu mengi, yakivutika kama ute, yakinuka uozo, au yakiota ukungu wa rangi yoyote, yamwagwe yote. Kuondoa ukungu wa juu na kunywa ya chini si kuweka akiba.

Wakati mwingine maziwa hukataa kabisa kuganda, na mtu hutafuta ni nani aliyeyatia jicho. Afadhali aulize kwanza kama ng'ombe alidungwa dawa. Penisilini na dawa nyingine za namna hiyo hupita katika maziwa, zikaviua vijidudu vya mbegu kama zinavyoviua vya ugonjwa. Ndiyo sababu mganga wa mifugo hutaja siku ambazo maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa hayafai kunywewa wala kuuzwa. Mfugaji anayeyauza kabla ya siku hizo kutimia humharibia mwenzake kazi, tena humlisha dawa asiyoihitaji.

Kuhusu chombo, kibuyu kina sifa zake. Vijidudu hubaki katika vitundu vya ndani yake, ndiyo maana kibuyu cha zamani huyachachusha maziwa bila mbegu nyingine. Wakalenjin, watengenezao mursik, hukisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, na Wamasai hukifukiza kwa kijinga cha mzeituni wa mwitu. Desturi hizo huleta harufu nzuri na hupunguza vijidudu vibaya. Lakini vitundu vile vile huweza kuhifadhi uchafu, kwa hiyo anayeanza yampasa kutumia mtungi wa kioo wenye mdomo mpana, ambao mkono huingia na macho huona. Tena uchunguzi wa mursik uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba baadhi ya maziwa yaliyopimwa yalikuwa na kileo pamoja na asetaldehidi, kitu kinachohusishwa na saratani ya umio. Hiyo si sababu ya kuuacha mursik, lakini ni sababu ya kutoyaacha maziwa kibuyuni majuma mengi.

Asiye na ng'ombe aweza kutengeneza togwa, kinywaji kinachojulikana sana kwa jirani zetu wa Tanzania. Katika uchunguzi uliofanywa huko katika miaka ya 1990, watoto wadogo waliolishwa togwa walionekana kuwa na vijidudu vichache zaidi vya kuharisha katika choo chao. Kwanza hutengenezwa kimea: wimbi hulowekwa usiku mmoja, hutandazwa juu ya nguo safi yenye unyevu mpaka liote, hukaushwa vizuri juani, kisha husagwa. Wimbi ni bora kuliko mtama, kwa kuwa chipukizi la mtama lina sumu. Kisha uji wa mahindi hupikwa mpaka uive kabisa, huachwa upoe uwe vuguvugu, na hutiwa vijiko viwili vitatu vya unga wa kimea. Uji uliokuwa mzito hulegea kwa namna ya kumshangaza anayeuona mara ya kwanza, maana kimea kinaivunja wanga na kuifanya sukari. Hapo huongezwa kikombe cha togwa ya zamani iwe mbegu, na kesho yake kinywaji huwa tayari. Kimea huingia bila kupita motoni, kwa hiyo kiwe safi kuliko vitu vyote, na togwa isinywewe kabla haijachacha sawasawa. Ikikaa siku nyingi itaelekea kuwa pombe.

Jambo moja uchachu hauwezi kulitengeneza, nalo ni nafaka iliyoota ukungu. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa sumu ya aflatoksini iliyokuwa katika mahindi yao, na 125 kati yao walikufa. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa, wala mtu asiitumainie chachu kuiondoa. Mahindi ya namna hiyo hayafai uji wala togwa.

Mtoto asiyetimiza miezi sita anywe maziwa ya mama yake tu. Mgonjwa ambaye mwili wake umedhoofika sana aulize kwanza kwa daktari. Wengine waanze kwa kikombe kidogo, maana tumbo lisilozoea huweza kujaa gesi siku za kwanza.

Kabla ya watu wa nyumbani kugawiwa maziwa, mbegu ya kesho itengwe kwa kijiko safi katika kikombe kilichomwagiwa maji ya moto, ifunikwe na kuwekwa penye baridi. Asiye na friji aweka kikombe hicho katika bakuli la maji, akakifunika kwa kitambaa chenye unyevu, na kukitumia kabla ya siku mbili kupita. Baada ya kurudiwa mara kadhaa mbegu huchoka, maziwa huganda kwa uvivu na ladha hugeuka. Hapo itafutwe mbegu mpya.