Viazi vya Asubuhi kwa Mafuta ya Bekoni

Shuleni tulizoea kuletewa chakula mezani, tukadhani upishi si kazi yetu. Lakini siku ukienda masomoni mbali, utajua kwamba njaa haiulizi cheti.

Mimi nilijifunza hayo Marekani, katika chumba cha kupanga. Huko wengi hula asubuhi mayai na bekoni, yaani nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, pamoja na viazi vilivyokaangwa kwa mafuta ya nyama ile. Viazi vyangu vya kwanza viliungua nje, na ndani vilikuwa vibichi. Basi tutazame sababu kwanza, kisha njia.

Karibu sehemu nne katika tano za kiazi ni maji. Maji huchemka kwa digrii 100 za Sentigredi, na uso wa kiazi ukiwa bado majimaji, haupandi sana kupita hapo. Lakini rangi ya kahawia na harufu nzuri huja kwenye digrii 140 hivi au zaidi. Kwa hiyo nje pataka ukavu na moto. Ndani pataka muda. Hizi ni kazi mbili, nazo zifanywe mbali mbali.

Kwa watu wawili, twaa viazi 3 vya kadiri, vipande 4 vya bekoni na kitunguu 1.

1. Menya viazi, ukate vipande vya sentimita 2. Kiazi kilichogeuka kijani sana kitupe, kwa maana kina sumu.

2. Vitie katika maji baridi yenye chumvi kidogo. Yakisha kuchemka, ngoja dakika 6 hivi, mpaka ncha ya kisu iingie bila kiazi kuvunjika. Mwaga maji, uache mvuke utoke mpaka vikauke.

3. Weka bekoni katika kikaango kikiwa baridi, juu ya moto mdogo, ili mafuta yatoke kabla nyama haijaungua. Itoe nyama, ubakize vijiko 2 vikubwa vya mafuta.

4. Panga viazi safu moja, moto uwe wa kadiri. Usivikoroge! Viache dakika 4 au 5, ndipo uvigeuze.

5. Kitunguu kitie karibu na mwisho, kwani huungua upesi. Onja kabla ya kuongeza chumvi. Bekoni ina yake.

Mafuta yakishika moto, usimwagie maji hata kidogo. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke ghafula, na kurusha moto jikoni kote. Zima jiko, funika kikaango kwa kifuniko, wala usikibebe.

Neno la mwisho. Asubuhi moja rafiki yangu Mwislamu alinyoosha mkono kwenye sahani yangu. Nyama nilikwisha kuila. Aliona viazi tu. Nilimzuia kidole kikiwa kimekwisha gusa kiazi, nami niliona haya kwa kutosema mapema. Mafuta yakiisha kuingia katika viazi hayaonekani, na mgeni humwamini mpishi. Tangu siku ile huuliza kwanza, na akija yeye hukaanga kwa mafuta ya mimea, katika kikaango kingine. Njia ni ile ile, na viazi huwa vitamu vile vile.

Basi jaribuni wakati wa likizo, mkawapikie wazazi.