Udanganyifu na Kauli ya Makosa

Mara nyingi mtu aliyepata hasara katika biashara husimama mbele ya baraza akasema, "Nimedanganywa." Lakini sheria hailipokei neno hilo upesi. Kwanza huuliza: Aliyesema maneno yale, je, alijua kuwa si ya kweli? Jibu la swali hilo ndilo linalotenga mambo mawili ambayo wengi huyachanganya, yaani udanganyifu na kauli ya makosa.

Tutoe mfano. Mtu anauza ng'ombe, naye amwambia mnunuzi, "Huyu ana mimba." Mnunuzi anaamini na kulipa, baadaye ng'ombe aonekana kuwa ni tasa. Ikiwa muuzaji amemfuga miaka mingi na alijua utasa wake, huo ni udanganyifu. Lakini ikiwa yeye naye aliambiwa hivyo na mwenye ng'ombe wa kwanza, akaamini kwa moyo safi, hakudanganya. Alitoa kauli ya makosa. Maneno ni yale yale na hasara ni ile ile, ila nia ya msemaji ni mbali.

Jambo hili liliamuliwa Uingereza mwaka 1889, katika shauri la Derry na Peek. Kampuni ya tramu katika mji wa Plymouth iliwatangazia watu wanunue hisa, ikisema kuwa ina haki ya kuendesha magari yake kwa nguvu za mvuke. Kumbe haki hiyo ilihitaji kibali cha Serikali, na kibali kilikataliwa kwa sehemu kubwa ya njia. Kampuni ikavunjika. Peek, aliyenunua hisa, akawashtaki wakurugenzi. Mahakama ya juu kabisa ikakata kwamba hawakudanganya, kwa kuwa waliamini kweli kuwa kibali kingetolewa. Wakati huo huo ikafundisha kuwa ni mdanganyifu mtu anayesema neno akijua ni uongo, au asiposadiki kuwa ni kweli, au akilisema ovyo bila kujali kama ni kweli au si kweli.

Tofauti hii ina faida gani? Katika mambo yote mawili, aliyepotoshwa aweza kuyakataa mapatano, akarudisha mali na kurudishiwa fedha zake. Ndivyo isemavyo Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara ya mwaka 1961, iliyofuata nyayo za sheria ya Uhindi ya mwaka 1872. Lakini mdanganyifu aweza pia kudaiwa fidia ya hasara aliyoileta. Tena, kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kuwa kifungo. Mtu aliyekosea kwa moyo safi hatiwi gerezani kwa sababu hiyo.

Mnunuzi naye ana wajibu wake. Kwa sheria hiyo hiyo, kama kauli ilikuwa ya makosa tu, na mnunuzi angaliweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, hawezi kuyavunja mapatano. Lakini aliyesema uongo kwa kusudi hana ruhusa ya kujitetea kwa kusema, "Mbona hukutazama?" Kadhalika, kwa desturi kunyamaza peke yake si udanganyifu, isipokuwa pale ambapo mtu alipaswa kusema.

Basi, anunuaye shamba, nyumba au mnyama na aulize waziwazi mbele ya mashahidi, na majibu yaandikwe. Akigundua kuwa yaliyosemwa si kweli, aseme mara moja, asiendelee kuitumia mali kama kwamba ameridhika. Nao wazee wanaosikiliza madai, kabla ya kumwita mtu mwongo, wachunguze alijua nini siku ile aliposema. Kumrudishia mlalamikaji fedha zake ni haki. Kumwita mtu mdanganyifu kwa kosa asilolijua ni dhuluma nyingine.